Barua ya wazi: Meli ya utafiti ikija, mpeni na fundi kitanda

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wenye dhamana ya uvuvi, elimu na sayansi, Bara na Visiwani. Kwa wakuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia. Na kwa kila mwenye muhuri unaogongwa kabla meli ya kigeni haijaingia kupima bahari yetu.

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Pasua, Moshi. Karakana yangu ina mashine mbili za kuchomelea, shimo moja la kuingilia chini ya gari, na rafu yenye kikombe kidogo kuliko kidole gumba changu. Wateja huuliza kama ni cha mwanasesere. Kilikuwa kikombe cha kawaida cha kahawa, vile vyeupe vyepesi, vya kitu kile kinachofungashiwa televisheni. Nilikitia ndani ya soksi, soksi nikaifunga kwenye fremu ya chuma, fremu ikateremshwa meta 3,000 ndani ya Bahari ya Hindi. Kiliporudi juu kilikuwa kama mnavyoweza kuja kukiona. Maji ya kina kile hukandamiza kila sentimeta ya mraba kwa uzito wa kama kilo 300, na hewa yote iliyokuwa ndani ya kuta za kikombe ilikamuliwa ikaisha. Waliofanya kazi kwenye meli za utafiti wengi wanacho chao nyumbani. Ndiyo medali yetu.

Nakitaja ili mjue kwamba nilikuwapo. Kwa miaka tisa nilikuwa fundi wa deki kwenye meli ya utafiti ya kigeni, ambayo jina lake naliacha. Nilianza na ukuli bandarini Tanga, nikavuka kwenda Mombasa, nikapanda meli ya mizigo kama kijana wa chumba cha injini, na huko serahangi, yaani mkuu wa mabaharia wa deki, mmoja Mfilipino aliyekuwa anahamia meli za utafiti akanivuta. Mchaga wa Kibosho niliyejifunza kuogelea kwenye mfereji wa kumwagilia migomba! Mama yangu aliniombea kila Jumapili mpaka siku niliporudi na mizigo yangu, kwa sababu aliamini meli zote huzama, swali ni lini tu.

Jambo langu ni moja. Meli hizi zinapoomba kuingia kwenye maji yetu, tuna haki ya kupandisha watu wetu. Tunapoitumia haki hiyo, tunapandisha watafiti na maofisa. Naomba tupandishe na mafundi.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana nimegundua kuwa watu wakisikia "meli ya utafiti" wanaona maprofesa wenye makoti meupe wameinamia hadubini. Wapo, na ni watu wema, ingawa wanakula sana. Lakini njooni saa nane za usiku, kusi inavuma, meli imefika kituoni. Kituo kwetu ni nukta tu kwenye ramani, hakuna boya wala taa. Nanga haitupwi kwa sababu haifiki chini. Aliye kwenye usukani anaishikilia meli mahali pamoja kwa mapangaboi ya ubavuni, yanalia na kunyamaza, yanalia na kunyamaza, huku upepo na mkondo vyote viwili vikitaka kuipeleka Kenya. Deki inawaka taa. Pale ukingoni imening'inia fremu ya duara yenye chupa 24, kila moja ya lita kumi, na katikati yake kifaa cha kupima joto, chumvi na kina.

Fremu inaingia majini. Winchi inaachia waya kama meta 60 kwa dakika. Kwa kina cha meta 3,000, hiyo ni dakika 50 za kushuka tu. Kwa sisi wa mlimani nitawapa kipimo chetu: mtu akisimama Horombo, kambi ya wapanda Kilimanjaro, kwenye meta 3,720, akateremsha kamba wima mpaka usawa wa stendi ya Moshi, kamba hiyo bado itakuwa fupi kidogo kuliko waya ninaousema. Kupanda huchukua muda mrefu zaidi, kwa sababu fremu husimama kila kina ambacho wanasayansi wanataka maji yake, na chupa moja hujifunga kwa amri inayopita ndani ya waya uleule unaoibeba. Waya ule ni kamba na ni simu. Nje ni nyuzi za chuma zilizosokotwa, ndani ni shaba.

Mwenye winchi anatazama namba tatu: waya uliotoka, mwendo, na uzito. Meli ikipanda wimbi, uzito unapanda. Ikishuka ghafla kwenye bonde la wimbi, uzito unashuka, na hapo ndipo moyo unaposimama, kwa sababu waya ukilegea hujikunja kitanzi, kitanzi kikivutwa tena huvunjika kama uti. Kifaa kile kina thamani ya Land Cruiser mpya na zaidi, na hakirudi. Hakuna profesa anayeweza kukusaidia sekunde ile. Ni mkono wako na sikio lako, maana winchi ya haidroliki huanza kulalamika kabla namba hazijasema lolote. Fundi yeyote wa Arusha anayefunga winchi kwenye magari ya watalii anaijua sauti hiyo. Akina kaka wa Unga Limited waliokwisha kuvuta gari lililozama kwenye tope la Serengeti usiku, na wageni sita ndani, hawahitaji kufundishwa woga wa waya uliokazwa.

Kisha kuna ncha ya waya. Chumvi huila. Kila baada ya muda unakata meta kadhaa, unafumua nyuzi za chuma moja moja, unafikia shaba, unalehemu, unaziba maji yasipenye, unamimina gundi ngumu ndani ya kikombe cha chuma, unasubiri ikauke, unapima umeme usivuje, kisha unavuta kwa uzito mkubwa kuhakikisha haitachomoka. Kazi ya saa nyingi. Mara ya kwanza kuifanya peke yangu tulikuwa katikati ya bahari, ncha ilikuwa imekufa saa moja asubuhi, na meli nzima ilisimama kunisubiri. Meli kubwa ya aina ile huteketeza makumi ya maelfu ya dola kwa siku, iwe inapima au imekaa. Nilikuwa nimepiga magoti, nyuma yangu kundi la wasomi wakijifanya wanatazama bahari. Mmoja, mama wa makamo, mtaalamu wa chumvichumvi za majini, aliniletea chai na kukaa chini kando yangu bila kusema neno. Wengine waliuliza "bado?" mara nne. Saa kumi jioni fremu ilirudi majini na namba zikaanza kuja kwenye kompyuta. Siku hiyo nilielewa kwamba shahada zote zilizokuwamo kwenye meli ile zilikuwa zimening'inia kwenye lehemu ya mtu wa darasa la saba.

Nisipitilize. Nataka kuwasimulia pia magharibi, kwa sababu ndiyo saa niliyoipenda.

Meli ya utafiti hupima kina na samaki kwa sauti. Mashine chini ya tumbo la meli hutoa mlio, mlio unagonga kitu, mwangwi unarudi. Majini sauti hukimbia kama meta 1,500 kwa sekunde, mara nne na zaidi ya mwendo wake hewani, kwa hiyo kwenye kina cha meta 3,000 mwangwi wa sakafu hurudi baada ya sekunde nne. Samaki anaonekana hasa kwa kibofu chake cha hewa. Nyama yake ni kama maji tu machoni pa sauti. Sasa, mchana ukitazama kioo cha mashine ile unaona, meta mia kadhaa chini, utando mnene umelala kama ukungu juu ya mto Karanga. Zamani, mashine zilipokuwa changa, watu walidhani ni sakafu ya bahari. Ni viumbe: samaki wadogo, ngisi, vijidudu vya aina ya kamba. Jua likianza kuzama, utando unaanza kupanda. Unauona kwa macho, mstari unainuka kwenye kioo kwa dakika, viumbe wasiohesabika wanapandishana juu kwenda kula gizani, na alfajiri wanashuka tena kujificha. Hufanyika kila siku, bahari zote. Mpishi wetu, Mgoa, alikuwa akiacha sufuria na kuja kuutazama mkononi ana kitambaa.

Ili mambo hayo yaonekane, meli lazima inyamaze. Ndiyo maana nyingi za kisasa zina jenereta za dizeli zilizokalishwa juu ya mipira, zinazalisha umeme, na mota ya umeme ndiyo inayozungusha pangaboi. Injini iliyofungwa moja kwa moja kwenye chuma cha meli hupiga kelele zinazofukuza samaki na kuchafua mwangwi. Beringi moja ikianza kuliwa, mtafiti aliye juu anaona takataka kwenye kioo chake, anashuka kumtafuta fundi. Kumbe hata samaki kuhesabiwa ni suala la grisi.

Kuhusu zamu, kwa ufupi: mabaharia wengi hufanya saa nne kazini, nane mapumziko, wanasayansi hugawana siku nusu kwa nusu, saa 12 kila kundi. Hakuna Jumapili. Ndani ya siku ya kwanza mnafundishwa pa kukimbilia king'ora kikilia na jinsi ya kuvaa jaketi la kujiokoa, na hata profesa mwenye nywele nyeupe hupanga foleni kama mtoto wa chekechea.

Turudi kwenu, Waheshimiwa.

Mimi si mwanasheria. Ibara hizi nimezisoma kwenye simu, miwani puani, mwanangu akinisaidia maneno magumu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari ni wa 1982, na Tanzania iliuridhia 1985. Ibara ya 246 inasema utafiti ndani ya ukanda wetu wa kiuchumi, maili 200 za baharini kutoka pwani, unahitaji ridhaa yetu. Ibara ya 248 inawataka waombaji walete maelezo miezi sita kabla. Ibara ya 249 inatupa haki ya kushiriki au kuwakilishwa, hasa ndani ya meli yenyewe pale inapowezekana, bila kulazimika kuchangia gharama za mradi. Tena tupewe taarifa, na tufikie takwimu na sampuli. Halafu kuna Ibara ya 252, ambayo nadhani inafaa kubandikwa ukutani kwenye ofisi zenu. Nchi ya pwani isipojibu ndani ya miezi minne, muda wa miezi sita ukitimia wenye meli wanaweza kuendelea. Yaani faili linaweza kulala juu ya meza, chini ya kikombe cha chai, na kulala kwake kukawa ndiyo ruhusa. Na majina ya watu wetu wa kupanda hayamo ndani yake.

Kuna ofisa atanijibu kuwa Ibara ya 249 inawataja wanasayansi. Kweli inawataja, pale inaposema wenye meli hawalazimiki kuwalipa. Lakini haki ya kushiriki ni ya nchi, na nchi ndiyo inayochagua nani aiwakilishe. Na akigeuza kurasa kurudi nyuma kidogo, Ibara ya 244 inazungumza juu ya kuwapa elimu na mafunzo watumishi wa kiufundi na wa kisayansi wa nchi zinazoendelea. Wa kiufundi wametajwa kwanza. Sikuwapanga mimi.

Nani anapanda sasa? Nimeona kwa macho yangu, kwenye meli yangu, waangalizi wa nchi mbalimbali za bahari hii wakija. Wengine walikuwa vijana hodari, wanalala kwa saa tano tu, wanajaza daftari mpaka linapasuka. Wengine walikuwa mabosi. Namkumbuka mzee mmoja, nisiseme wa nchi gani, aliyepanda na suti na viatu vya ngozi. Bahari ilimlevya kabla hatujapoteza taa za bandari. Hakuna aliyemwambia ameze vidonge kabla ya kuondoka, wala kwamba alale katikati ya meli na atazame upeo wa macho. Siku tisa alilala na ndoo. Nilimpelekea uji na mkate mkavu, tukawa marafiki, na aliniambia kwa unyonge kwamba ofisini kwao nafasi ile ilikuwa yake kwa kuwa alikuwa anakaribia kustaafu. Simlaumu. Kitanda kile kingeweza kulala mtu mwingine.

La pili nililiona baada ya kurudi nyumbani. Taasisi moja, ambayo pia naiacha bila jina, iliniita Dar es Salaam kutazama winchi ndogo ya boti yao ya utafiti, msaada wa wafadhili. Ilikuwa chini ya turubai mwaka wa nne. Boti ilikuwa inatoka bila winchi, na vijana walikuwa wanateremsha vyombo kwa mkono, kwa kamba ya katani yenye mafundo ya kuhesabia meta. Barua tatu zilikuwa zimeandikwa nje ya nchi kuomba mtaalamu. Nilifungua, nikakuta sili ya mafuta imepasuka, ile ya mpira, duara, mnayoweza kuinunua duka lolote la vipuri. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko nauli yangu ya basi kutoka Moshi. Kazi yote ilichukua asubuhi moja, na nusu ya asubuhi hiyo tulikuwa tunatafuta spana. Miaka minne ya vipimo vilivyokosekana, kwa sababu ya sili.

Ndiyo maana sitaki kusikia kwamba "fundi hana haja ya kupanda, siku tukipata meli yetu kubwa tutawafundisha." Siku hiyo tutakuwa tumechelewa. Watu hawafundishwi winchi ya meta 3,000 kwenye semina ya siku mbili hotelini. Inafundishwa usiku, kwa mawimbi, na mtu aliyesimama nyuma yako akikuambia ngoja, ngoja, sasa. Vitanda vya mafunzo hayo vinapita mbele ya pwani yetu vikielea.

Vinapita kweli. Meli ya utafiti iitwayo Dr. Fridtjof Nansen ilifanya safari za kuchunguza samaki katika maji ya Tanzania mwaka 1982 na 1983. Ya sasa, ya tatu kwa jina hilo, ilianza kazi 2017 ikiwa na urefu wa meta 74.5, hupeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa ili ivuke mipaka ya nchi kwa urahisi, na ilifika kwetu 2018. Shughuli yake nzima, chini ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, na Norway, imejengwa juu ya kufanya kazi pamoja na wenyeji. Sitegemei kwamba mkiwaomba nafasi ya fundi watakataa. Wasiwasi wangu ni kwamba hatuombi.

Mwaka juzi nililifuatilia jambo hili mwenyewe. Kuna binti hapa Moshi, amesomea ufundi umeme chuo cha ufundi cha VETA, amekaa na mimi karakanani miaka mitatu. Mikono yake imetulia kuliko ya mwanamume yeyote niliyemfundisha. Nilimfundisha kukata na kuunganisha ncha ya waya kwa kutumia kebo chakavu niliyoipata kwenye vyuma vya mnada, gundi ya kuziba mabomba na ndoo ya maji ya chumvi. Tulifanya mara kumi na moja. Ya kumi na moja ilikaa ndani ya ndoo wiki mbili bila kuvuja umeme. Niliposikia kutoka kwa baharia mwenzangu wa zamani kwamba kuna meli inakuja, nilimvalisha binti huyu koti, tukapanda basi, tukaenda kwenye ofisi moja yenye viyoyozi vizuri. Tuliambiwa nafasi ni za wenye shahada. Nikauliza zimejaa? Tukaambiwa tuache namba ya simu. Dada wa mapokezi, Mungu ambariki, alimuuliza binti kwa upole, "Kwani Moshi mna bahari?"

Meli ilipoondoka, yule mwenzangu alinitumia picha ya chumba: vitanda viwili, kimoja kina begi, cha juu godoro limekunjwa bado liko kwenye nailoni.

Nitamjibu yule dada sasa, kwa kuwa siku ile nilinyamaza. Moshi tuna bahari. Inatufikia kutoka juu. Vuli ya 2019 mahindi yangu ya Mabogini yalioza shambani kwa maji, na sababu ilikuwa mashariki kabisa: upande wetu wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kupita kawaida, upande wa Indonesia umepoa, na mvua yote ikasukumwa huku. Wataalamu wanaiita Dipoli ya Bahari ya Hindi. Ilielezwa rasmi 1999, baada ya ile kubwa ya 1997 iliyokuja pamoja na El Niño na kukata barabara zetu. Ilitokea tena 2023, na mwezi Desemba tope la mlima Hanang likashuka juu ya Katesh. Ikigeuka kinyume, vuli inakauka, na mifereji yetu ya kihamba, shamba la migomba la nyumbani, inabaki ya kuchezea watoto.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitutangazia utabiri wa vuli, sehemu ya habari zake imetoka kwenye vyombo vilivyomwagwa baharini na meli hizi hizi. Kuna maboya marefu kama mtungi mwembamba wa gesi, yako kama 4,000 kwenye bahari za dunia. Yanazama mpaka meta 1,000, yanaelea huko siku kadhaa, yanashuka mpaka 2,000, kisha yanapanda yakipima joto na chumvi njia nzima, na juu yanatuma kwa setilaiti. Kila siku kumi. Nimeyateremsha kwa kamba kwa mikono hii, na kila moja nililisindikiza na "nenda salama" ya Kichaga, jambo lililowachekesha Wazungu. Miaka ile ya maharamia wa Somalia meli nyingi zilikwepa upande wetu, na maboya ya kutiwa nanga yaliyopangwa kwa magharibi ya Bahari ya Hindi yalichelewa. Bahari inayotuletea mvua ikabaki na vipimo vichache kuliko ilivyostahili. Maboya ya namna hiyo yanahitaji kubadilishwa, kusafishwa, kuunganishwa upya. Ni kazi ya nani? Mnajua ninachotaka kusema.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Watafiti wetu vijana, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Unguja na wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, nao wana njaa ya nafasi. Fundi akipewa kitanda, mmoja wao anakosa. Nimelifikiria sana hili, nikiwa chini ya magari. Jibu langu ni kwamba mtafiti kijana akirudi nyumbani na maarifa yake, akakuta winchi ipo chini ya turubai, maarifa yake nayo yamefunikwa turubai. Wapandisheni wote wawili. Pakiwa na vitanda vinne, kimoja kiwe cha fundi. Pakiwa na viwili, hapo nawaachia wenyewe mpime, sitabishana.

Lugha? Nilipanda nikijua Kiingereza cha "yes" na "no" na matusi ya bandarini. Winchi ina ishara za mikono, na ishara hizo ni zilezile kwa Mfilipino, Mreno na Mchaga. Usalama? Mafunzo ya msingi ya baharia, kuzima moto, kujiokoa majini, huduma ya kwanza, yanatolewa Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Fundi aliyekwisha kuyapitia, mwenye cheti cha daktari na pasipoti mkononi, hana tofauti na mwangalizi mwingine yeyote mlangoni kwa nahodha.

Basi naomba haya. Orodha ya mafundi iwepo kabla maombi ya meli hayajaja, isitafutwe wakati meli iko nje ya bandari. Itoke kwenye vyuo vya ufundi vya nchi nzima, Moshi, Arusha, Mwanza na Mbeya, pamoja na Tanga na Mtwara. Wa Mwanza wana ziwa lao na hawachafukwi ovyo. Ombi likifika, lijibiwe ndani ya miezi minne, na ndani ya jibu yaandikwe majina, pamoja na jina la fundi mmoja na kazi anayokwenda kujifunza: winchi, waya, mashine za mwangwi, jenereta. Na fundi akirudi, apewe siku za kufundisha wenzake chuoni, alipwe kwa siku hizo. Mimi niko tayari kufundisha bure Jumamosi mpaka magoti yakatae.

Hapa kwetu kila mtu anajua kwamba Hans Meyer alifika kileleni mwa Kilimanjaro 1889. Jina la Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa huku kwa kuwaongoza, lilichukua miaka mingi kusemwa kwa sauti, na wapagazi wengine wa safari ile sijui hata mmoja. Hilo la majina silidai. Kwenye karatasi za kisayansi zilizotoka kwenye meli yangu jina langu halimo, na nimelala usingizi mzuri miaka yote. Nadai kazi, na mkono wa kuifanya.

Binti niliyemsema alikata pasipoti mwezi uliopita, kwa hela yake ya kufunga nyaya kwenye nyumba za Njoro. Namba yake ya simu mnayo, tuliiacha mapokezi.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Pasua, Moshi